Nambari ya OB Haimzuii Mtu Mlangoni

Nambari ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya buluu kwenye kiganja chake cha kushoto. Jirani yangu alinifunulia kiganja hicho Jumatatu asubuhi, tukiwa kwenye foleni ya maji, madumu yametangulia mbele na sisi tumesimama nyuma yake. Alikuwa ametajiwa nambari hiyo Jumamosi usiku katika kituo cha polisi, mtoto mgongoni, jicho limevimba. Hakuwa na karatasi. Aliazima kalamu akajiandika mkononi. "Nimeambiwa nisiipoteze, dada," akasema. Kazi yake ni kufulia watu nguo, na siku mbili nzima alikuwa hajautia mkono ule majini.

Nilichana ukurasa wa daftari langu nikainakili: nambari ya tukio kwanza, kisha siku, mwezi na mwaka. Ndipo akanawa. Nikamuuliza sasa itakuwaje. "Ameshaandikwa polisi," akanijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Hawezi kurudi tena."

Jumatano mumewe alirudi, akavunja kitasa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wanawake, sokoni, kwenye matatu, kwenye harusi, wanadhani nini hutokea baada ya mtu kupeleka malalamiko polisi. Wengi hunijibu kama jirani yangu. Wanadhani kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB, ni ukuta. OB ni kumbukumbu. Inaandika kwamba saa fulani, siku fulani, fulani alikuja akasema hivi. Ni kumbukumbu yenye thamani kubwa, na nitaeleza kwa nini, lakini haimwamuru mtu yeyote kufanya wala kuacha jambo lolote. Karatasi inayomwamuru ni nyingine, na haitoki kituoni. Inatoka kwa hakimu, na jina lake ni agizo la ulinzi.

Kenya imekuwa na sheria mahsusi ya jambo hili tangu 2015: Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani. Miaka mitano baadaye, mwaka 2020, zikatolewa kanuni za kuitekeleza, pamoja na fomu za kujaza. Sheria yenyewe inamtaka afisa wa polisi anayepokea malalamiko amweleze mlalamishi njia zote za msaada zilizopo, yakiwamo matibabu na mahali pa kujihifadhi, na inampa mlalamishi haki ya kuomba kuandikisha taarifa yake kwa afisa wa jinsia yake. Jirani yangu hakuelezwa. Aliambiwa asiipoteze nambari.

Tumekwisha kuona pengo hili, kati ya kulalamika na kulindwa, linavyoweza kuwa refu. Septemba 1, 2024, mwanariadha Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, Kaunti ya Trans Nzoia. Aliyeshutumiwa ni mtu aliyekuwa mpenzi wake, na kati yao palikuwa na mzozo wa kiwanja na nyumba. Alifariki siku nne baadaye katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, na mtu huyo naye akafa kwa majeraha ya moto huohuo. Wazazi wake walisema walikuwa wamepeleka malalamiko polisi kabla ya siku hiyo. Miaka mitatu nyuma, Oktoba 2021, Agnes Tirop alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya mbio za kilomita 10 za barabarani za wanawake pekee. Januari 27, 2024, maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Madai ya siku ile yalikuwa ya haki kabisa. Lakini mengi yalihusu adhabu, yaani kitakachofanyika mtu akishakufa. Ninalolililia katika makala haya ni lile linaloweza kufanyika Jumatatu asubuhi, mtu angali hai na amesimama kwenye foleni ya maji.

Nao si wachache. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Wapange wanawake watatu wa ukoo wako kwenye picha ya harusi.

Kwanza, nani anaweza kuliomba agizo la ulinzi. Si wake wa ndoa peke yao. Sheria inataja waliooana na waliowahi kuoana, waliochumbiana, wanaoishi nyumba moja, jamaa wa ukoo, watoto, na watu wenye uhusiano wa karibu ingawa hawakufunga ndoa. Mwanamume anaweza kuomba vilevile, na ningependa wanaume wanaopigwa au kutishwa wasome sentensi hii mara mbili. Mtoto anaombewa na mtu mzima, na asiyejiweza anaombewa pia. Hata ukatili wenyewe haukuachwa uwe ni ngumi tu. Kunyimwa fedha za kula kusudi unyenyekee, kufuatwafuatwa njiani, kutishwa, kutukanwa, kuvunjiwa vyombo, kuingiliwa nyumbani kwa nguvu, kulazimishwa kurithiwa na shemeji, kubughudhiwa na wakwe: yote yamo.

Hapo kwenye neno "jamaa" ndipo ninapotaka kusimama kidogo, maana huku kwetu Pwani lina uzito wake. Kilifi kuna wazee wanaotishwa, na wengine wameuawa, kwa kusingiziwa uchawi. Ukichimba kidogo chini ya neno uchawi unakuta shamba: mzee ana ekari kadhaa, wajukuu na wapwa wanataka kuuza. Wengine wamekimbilia Kaya Godoma, kule Ganze, wakaacha minazi na makaburi ya wazazi wao. Kimbilio kama hilo linaokoa maisha, lakini anayehama ni mzee, na anayebaki na shamba ni aliyemtishia. Agizo la ulinzi linaweza kuugeuza mwendo huo. Mpwa anayemwambia shangazi yake "mwaka huu hauli maembe" ni jamaa anayetisha jamaa, na hakimu anaweza kumwamuru asikanyage kwenye boma hilo. Katika mikutano ya hadhara kuhusu wazee nimesikia mengi ya hekima. Hili la agizo sijalisikia likitajwa vya kutosha.

Turudi kwa jirani yangu. Baada ya Jumatano alikuwa tayari kwenda popote, tukaenda kwa shirika linalotoa msaada wa kisheria bure. Pwani yapo: FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa 1985, na Kituo cha Sheria, kilichoanza kuwahudumia maskini tangu 1973. Aliye mbali na ofisi anaweza kupiga 1195 bila malipo; na mambo ya watoto yana nambari yake, 116. Wakili si lazima. Ombi linaweza kujazwa na mwombaji mwenyewe kwa fomu za kanuni, likapelekwa katika mahakama ya hakimu. Hata hivyo, kuwa na mtu anayejua njia kunapunguza safari za bure, na kwa mtu anayelipwa kwa siku, safari ya bure ni chakula cha watoto.

Njiani alikuwa ameingiwa na wasiwasi. Je, fomu ya P3, ile ambayo polisi hutoa bila malipo na daktari akaijaza majeraha, isipokuwa tayari? Je, polisi wasipomkamata? Akajibiwa kwamba hiyo ni njia nyingine, njia ya jinai, ambapo Serikali ndiyo inayomshtaki mtu na yeye ni shahidi tu. Ombi la ulinzi ni lake mwenyewe, na halingojei ile ianze wala iishe. Vivyo hivyo kesi ya talaka. Anayedai talaka kwa Kadhi aendelee kwa Kadhi. Ombi la ulinzi anampelekea hakimu, na mambo hayo mawili hayazuiani.

Kazi ngumu ilikuwa kiapo. Kila ombi huambatana na hati ya kiapo, ambayo ni ushahidi wako ulioandikwa, nawe unaapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba ni kweli. Kijana msaidizi wa kisheria aliweka daftari mezani akamwambia aeleze. Jirani yangu akaanza na posa. Akaeleza mahari ilivyocheleweshwa, maneno ya wifi, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Nusu saa ikapita na mkono wa kijana haujaandika mstari hata mmoja. Kisha akamwambia kwa upole, "Mama, hebu anza mwisho. Jumatano. Saa ngapi?"

Akanyamaza. Akasema ilikuwa baada ya isha, kwa sababu msikiti ulikuwa umeshanyamaza. Alikuwa anaepua wali. Alisikia kitasa. Alisema maneno aliyoambiwa, yaleyale, bila kuyapamba: "Nitakumaliza na nitajimaliza." Mtoto wa kwanza, wa darasa la nne, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akifanya hesabu. Kijana sasa alikuwa akiandika upesi. Jumatano ikawa aya tatu. Kisha wakarudi nyuma Jumamosi, na hapo ile nambari ya kiganjani ikapata kazi yake, kwa sababu ilionyesha kwamba hakulitunga jambo hili leo. Kisha tukio moja la mwaka uliopita lililokuwa na barua ya zahanati. Posa haikuingia kabisa. Alipomaliza kusomewa alisema, "Mbona ni fupi hivyo?" Ilikuwa kurasa mbili.

Natamani kila anayemsindikiza mtu kortini ajue hili. Hakimu ana faili nyingi asubuhi hiyo, na anachotafuta ni tarehe, mahali, tendo, maneno, waliokuwapo, na sababu ya kuamini kwamba jambo litarudiwa. Historia ndefu ya uchungu ni ya kweli, nayo inastahili msikilizaji, lakini msikilizaji huyo ni rafiki au mshauri. Ndani ya kiapo inaweza kulizamisha tukio ambalo ndilo lingekuokoa. Ambatisha ulichonacho: picha za jeraha, ujumbe wa simu, barua ya kliniki. Na usiongeze chumvi. Mtu akiulizwa maswali kuhusu jambo dogo alilolikuza, hata lile kubwa la kweli hutiliwa shaka, na kuapa uongo ni kosa la jinai.

Sehemu ya pili ya ombi ndiyo inayosahaulika: unataka mahakama ifanye nini? Kusema "Nisaidiwe" hakumwambii hakimu kitu. Unaweza kuomba asikupige wala kukutisha, asije nyumbani, kazini wala shuleni kwa watoto, asikufuate wala kukusubiri njiani, asikupigie simu, asimtume mtu mwingine akufanyie yale yeye aliyokatazwa. Unaweza kuomba ubaki wewe nyumbani na yeye aondoke, hata kama jina lililo kwenye mkataba wa kodi ni lake. Hilo halimnyang'anyi nyumba. Umiliki unabaki ulipokuwa, kinachoondoka ni hatari. Unaweza kuomba aendelee kulipa kodi na matumizi ya watoto, na polisi wakusindikize ukachukue vitu vyako. Jirani yangu aliomba jambo ambalo sisi wote hatukulifikiria: arudishiwe kitambulisho chake na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mume alikuwa amevificha tangu mwaka uliopita, akijua kwamba mtu asiye na karatasi haendi mbali.

Ombi liliwasilishwa na cheti cha dharura, na likasomwa upesi. Hiyo ndiyo ngazi ya kwanza. Hakimu anaweza kumsikiliza mwombaji peke yake, upande wa pili haujui bado, na akiona hatari ni ya kweli anatoa agizo la muda mpaka siku ambayo wote wawili watasikizwa. Alimuuliza maswali machache: mara ya mwisho ni lini, alitumia nini, watoto walikuwa wapi, sasa unalala wapi. Haikuchukua robo saa. Tulitoka na karatasi yenye muhuri, nami nikaona amekosea kama alivyokosea kwa OB: alidhani imekwisha.

Agizo ambalo mlengwa hajapewa ni barua iliyo mfukoni. Lazima akabidhiwe, na lazima mahakama ithibitishiwe kwamba amekabidhiwa. Hapa ndipo nimesikia habari za kutisha, za wanawake walioambiwa wampelekee wao wenyewe. Usikubali. Kazi hiyo ina watu wake, wapeleka hati walioidhinishwa na mahakama, na unaweza kuomba polisi wahusike. Kanuni za kesi za madai, tangu zilipofanyiwa marekebisho 2020, zinaruhusu pia hati kupelekwa kwa barua pepe na kwa ujumbe wa programu za simu, jambo linalosaidia mtu anapojificha. Aliyepeleka anaapa hati yake mwenyewe, akieleza siku, saa na mahali. Karatasi hiyo ndogo hakuna anayeifikiria, nayo inaweza kuamua kesi siku mlalamikiwa atakaposema hakuambiwa kitu.

Siku ya kusikizwa tulifika mapema mno. Orodha ya kesi za siku ilikuwa imebandikwa ukutani na watu wameisongea, kila mmoja akipitisha kidole juu ya majina. Lake lilikuwa karibu na mwisho. Mume alifika na kaka yake na mzee mmoja wa mtaa, shati limepigwa pasi likakatika mistari, akatuamkia kwa adabu. Jirani yangu alianza kutetemeka magoti. Tulimweleza askari wa korti, naye akatuonyesha benchi la upande wa pili, karibu na mlango wa makarani. Kama uko katika hali hiyo, sema. Usikae benchi moja na mtu unayemkimbia kwa sababu ya kuona haya.

Siku hiyo kesi haikusikizwa. Mume aliomba muda atafute wakili, na hakimu akampa. Nataka msomaji aielewe dakika iliyofuata, kwa sababu hapo ndipo wengi huanguka bila kujua. Agizo la muda huwa na mwisho wake, na mwisho huo mara nyingi ni ile tarehe mliyoitiwa. Kesi ikisogezwa mbele na hakuna aliyelitaja agizo, unaweza kutoka mlangoni ukiwa huna ulinzi wowote, karatasi ungali umeishika. Kijana msaidizi wa kisheria alikuwa amemfundisha sentensi moja, naye alikuwa ameirudia njia nzima kwenye matatu. Aliinua mkono. "Mheshimiwa, naomba agizo la muda liongezwe hadi tarehe hiyo." Sauti ilikuwa ndogo. Hakimu akaandika. Likaongezwa.

Mara ya pili walisikizwa. Wasiohusika walitolewa nje, nami nikaruhusiwa kukaa nyuma kama mtu wa kumsindikiza. Aliapa kwa Korani, akasimama, akaulizwa kama yaliyo kwenye kiapo chake ni yake. Kisha akahojiwa na wakili wa mume. Maswali yalikuwa ya kawaida ya korti, yaani makali. Kwa nini hukuondoka mwaka jana? Si kweli wewe ndiye uliyemtukana mama yake? Picha hii nani aliyepiga? Alijibu aliyoyajua, na asilolijua alisema halijui. Mara moja alilia, hakimu akangoja, karani akaleta maji. Kisha ikawa zamu ya mume. Alisema ni mambo ya nyumbani, kwamba alimsukuma tu, kwamba kitasa alikivunja kwa sababu ni nyumba yake, na kwamba wazee wangelimaliza jambo hili kama lisingaliletwa huku.

Nilipokuwa nikimsikiliza nilielewa kwa nini hiki si kikao cha jinai. Hakuna aliyekuwa akiuliza kama atafungwa. Kipimo ni kile cha kesi za madai: je, kwa uzito wa ushahidi, yaliyosemwa yana uwezekano mkubwa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli? Haihitajiki kuondoa kila chembe ya shaka. Na mume, kwa kujaribu kulipunguza jambo, alikuwa amekwisha kukubali nusu yake.

Kuna wanaouliza kama ni haki mtu kutolewa nyumbani kwake kwa maneno ya upande mmoja. Swali hilo silipuuzi. Katiba yetu, kifungu cha 50, inampa kila mtu haki ya kusikizwa, na mume huyu ni raia kama sisi. Ndiyo maana agizo la kwanza ni la muda, na ndiyo maana siku ya kusikizwa lazima iwepo. Ana haki ya kujibu kwa kiapo chake, kuleta mashahidi, kuhoji, na hata baadaye kuiomba mahakama ilibadilishe au kuliondoa agizo hali ikibadilika. Nimepima pande mbili hizi kwa muda mrefu. Anayelala kwa kaka yake majuma matatu akingoja kusikizwa ana hasara inayoweza kurekebishwa. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya ukatili uwe umetoka kwa Serikali au kwa mtu binafsi, na hasara ya upande huo haina siku ya kurekebishwa.

Kuhusu wazee, sina ugomvi nao. Wamepatanisha nyumba nyingi, na wapo waliomwambia mwanamume ukweli ambao hakimu asingeujua. Lakini mzee hana uwezo wa kumtuma askari usiku. Agizo la mahakama linao. Anayelivunja anaweza kukamatwa bila waranti, na akipatikana na hatia anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au yote mawili. Kwa hiyo polisi, ambao mwanzo waliandika tu, sasa wana amri ya kutekeleza. Nambari ya OB ya safari hii haitakuwa ya kusimulia kwamba mume amempiga mke. Itakuwa ya kusema kwamba amri ya mahakama imevunjwa, na karatasi hii hapa.

Uamuzi ulitolewa kwa maandishi. Jirani yangu alipewa karibu yote aliyoomba. Mume aliamriwa asifike nyumbani wala shuleni, asimpigie simu, asitume watu, arudishe kitambulisho na vyeti kupitia kituo cha polisi, na atoe kila mwezi matumizi ya watoto. Aliruhusiwa kuwaona watoto mahali palipokubaliwa, mtu mzima mwingine akiwapo. Sisemi kwamba hofu iliisha. Bado alikuwa akikiangalia kitasa kipya mara tatu kabla ya kulala, na karatasi peke yake haijawahi kumzuia mtu aliyekwisha kuamua kuua. Ndiyo maana tulikaa tukapanga: usiku nani atapigiwa simu kwanza, ufunguo wa akiba utakaa kwa nani, mtoto wa darasa la nne atakimbilia mlango upi.

Kisha tukaenda kwenye kibanda cha fotokopi. Nakala moja ya kituo cha polisi, wajue kabla hawajaitwa. Moja ya mwalimu mkuu, ili asimkabidhi mtoto kwa mtu aliyekuja lango la shule na tabasamu na pakiti ya maziwa. Moja ya mwenye nyumba, moja ya chifu, moja ya tajiri wake mkubwa anayemfulia Jumanne na Ijumaa. Moja yangu. Ile halisi aliiingiza kwenye mfuko wa plastiki, akaifunga ndani ya kijitabu cha kliniki cha mtoto, kwa sababu hicho ndicho kitu ambacho hajawahi kukipoteza. Picha yake ikakaa kwenye simu. Kijana wa kibanda alipokuwa akizima mashine, jirani yangu akamwambia, "Niongezee moja."

Nikamuuliza ya nani. Akasema ya mavyaa.

Mavyaa ndiye aliyekuwa akija kila baada ya kipigo, na kikapu cha maembe au muhogo, kumbembeleza arudiane. Hakuja kwa ubaya. Alikuja kwa sababu mwanawe alimtuma, na kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kuwaona wajukuu. Tulimkuta barazani kwake akichambua mchicha. Aliifuta mikono kwenye leso, akavaa miwani, akaisoma karatasi polepole, midomo ikitembea. Alipofika penye jina kamili la mwanawe alisimama hapo kwa muda. Akasoma mpaka mwisho. Kisha akaivua miwani.

"Na mimi wajukuu zangu sitawaona tena?"

"Wewe hukutajwa humo, mama," akasema mkwewe. "Njoo Jumamosi. Lakini usije na salamu zake."